Mvinyo Ambao Mama Filister Hakuumeza

Wasifu wa marehemu Mama Filister Atieno Ouma (1959–2025), ulioandikwa na familia yake na kusomwa na bintiye Celine hapa Kianda, Kibera, kabla ya safari ya kumpeleka Seme.

Mama Filister Atieno alizaliwa tarehe 14 Juni 1959 huko Seme, karibu na Ziwa Victoria, akiwa mtoto wa tatu wa marehemu Mzee Oloo na marehemu Mama Akumu. Mama yake alifariki Filister akiwa bado mdogo sana, na baba yake hakuwa mtu wa kuachiwa watoto, kwa hiyo alilelewa na nyanya yake, ambaye kijiji kizima kilimwita Dani. Dani alikuwa mwanamke mchapakazi. Kazi yake ilikuwa kupika chang'aa.

Hapo ndipo habari ya Mama na pombe inapoanzia, na familia imeona isomwe leo yote, wazi. Imesemwa nusunusu kwa muda mrefu, na wengi wa waliokuwa wakiisema nusunusu wameketi hapa mbele yetu.

Alianza shule ya msingi mwaka 1967 na kumaliza darasa la saba mwaka 1973. Karo yake ilitoka kwenye pipa la kangara, ule mchanganyiko wa unga na sukari unaoachwa uchachuke kabla ya kupikwa. Kila asubuhi kabla ya shule alitumwa kuukoroga. Alisema kwamba povu lake lilikuwa likipasuka taratibu kama kidonda, na harufu yake ilimfuata hadi darasani, ikakaa kwenye nywele na kwenye sweta. Watoto wenzake walikataa kushiriki dawati naye. Jioni wateja waliingia, na baba yake akiwa miongoni mwao, na asubuhi Filister ndiye aliyepiga deki matapishi yao kwa majivu. Tangu wakati huo hakuweza hata kupita karibu na mtu aliyekunywa bila kugeuza uso.

Siku moja akiwa darasa la tano alichoka. Dani alipokwenda sokoni, Filister alilimwaga lile pipa lote nyuma ya jikoni. Kuku wakafika kabla hajafukia. Dani aliporudi alikuta kuku wake wanatembea upande upande, wengine wamelala chali miguu juu, jogoo amekaa kwenye sufuria anaimba mchana. Alidhani ni ugonjwa wa kuku umeingia kijijini, akachinja wote kabla hawajafa. Walikula kuku siku kadhaa, na majirani wakaalikwa. Filister alikula akiwa kimya sana. Dani alikuja kuambiwa ukweli miaka mingi baadaye, na inasemekana alicheka hadi akashika ukuta.

Alikuja Nairobi mwaka 1979 na kufikia kwa shangazi yake Kambi Muru, hapa Kibera, ambapo aliuza omena, wale dagaa wa ziwani. Huko ndiko alikomjua Austine Ouma, fundi seremala aliyetengeneza vitanda na kabati. Ouma alimfuata kwa muda mrefu akinunua omena ambazo hakuzihitaji. Siku alipopata ujasiri wa kusema alichotaka kusema, Filister alimsogelea hadi wakakaribia kugusana, akamwambia, "Hebu pumua."

Ouma akapumua.

"Tena."

Akapumua tena. Filister akamwambia aende akaongee na shangazi. Walifunga ndoa mwaka 1982, na Mungu akawajalia watoto wawili, Celine mwaka 1984 na Derrick mwaka 1988. Mzee Ouma hakuwahi kuingia nyumbani na harufu nyingine isipokuwa ya mbao. Alitutoka mwaka 2012 kwa ugonjwa wa kifua.

Mwaka 1994 Mama alipata kazi ya upishi kwa Mzee Nadim, mfanyabiashara wa vigae mwenye asili ya Lebanon, aliyekuwa na nyumba Lavington. Ili aweze kwenda kazini kwa miguu, familia ilihamia mtaa wa Kawangware 46. Alimpikia Mzee Nadim kwa karibu miaka thelathini. Alijifunza mapishi ya kwao, akamfundisha ya kwetu. Mke wa Mzee Nadim alipofariki na watoto wake kwenda ng'ambo, mara nyingi wawili hao walikuwa peke yao katika nyumba ile kubwa, yeye mezani na Mama jikoni, wakiongea mlango ukiwa wazi katikati yao.

Mwaka 2005 ulikuja msiba ambao lazima utajwe. Shemeji yake Mama, marehemu Ojwang, aliyekuwa amebaki Kambi Muru, alikunywa pombe iliyotiwa kemikali katika chumba kimoja cha huko. Waliokunywa naye wengine walikufa pale pale. Ojwang aliletwa Kawangware akiwa kipofu. Mama alimuuguza katika chumba kimoja walichoishi wote, pazia likigawanya. Alimsafisha, alimlisha, alibadilisha matandiko. Kilichotoka kwa Ojwang kilikuwa na harufu ambayo Mama alisema haikuwa ya binadamu, kama betri ya gari iliyopasuka. Kila baada ya kumhudumia alitoka nje akatapika kwenye mtaro, akanawa, akarudi. Ojwang alipofariki, Mama alilichoma godoro lake kwa mkono wake mwenyewe na akasimama hapo hadi likawa majivu.

Huyo ndiye mwanamke ambaye watu walisema alikuwa mlevi wa siri.

Mwaka 2021 Mzee Nadim aliugua korona. Alipona, lakini pua yake haikupona. Hakunusa wala kuonja chochote. Mama alimpikia kila alichokijua na Mzee akala kama mtu anayetafuna karatasi. Miezi michache baadaye habari ikaja kutoka Lebanon kwamba kaka yake, Elias, amefariki. Elias alikuwa mkulima wa zabibu katika Bonde la Bekaa na alitengeneza mvinyo mwekundu maisha yake yote, hata vita vilipokuwa vikipiganwa karibu na shamba lake. Karibu kila mwaka alimtumia mdogo wake chupa chache. Mzee Nadim alikuwa amezihifadhi kwenye stoo yenye giza chini ya ngazi, zimelazwa kwa ubavu, nyingine zikiwa na umri wa miaka zaidi ya arobaini. Alikuwa akingoja wafungue pamoja wakiwa wazee.

Akafungua moja peke yake. Mama alimsikia akikohoa, akaenda kutazama. Hakuwa anakohoa.

"Hakuna kitu, Mama Celine," alimwambia. "Maji tu. Maji ya vuguvugu. Kaka yangu yuko humu ndani na mimi siwezi kumpata."

Siku iliyofuata alimwomba Mama amwonjee.

Mama alikataa. Alikataa kwa maneno ambayo Mzee Nadim hakuwa amewahi kuyasikia kutoka kwake. Mzee hakubishana. Alisema tu kwamba watu wanaoujua mvinyo hawaumezi wanapoupima; wanauzungusha mdomoni na kuutema. Aliporudi Kawangware jioni Mama alimweleza Celine akiwa bado na hasira.

"Anataka niweke uchafu mdomoni mwangu."

"Si umesema unatemwa?" Celine akamwambia. "Mama, wewe umeshika matapishi ya watu wangapi bila kuyanywa?"

Mama alikaa na jambo hilo wiki nzima, akaliombea. Kisha akampelekea Mzee Nadim masharti yake. Ataonja mchana tu, mlango wa jikoni ukiwa wazi. Kutakuwa na ndoo. Hatameza hata tone. Na atasema ukweli, kama ni kibaya atasema ni kibaya.

"Hicho cha mwisho ndicho ninachotaka," Mzee alisema.

Chupa ya kwanza ilikuwa ya mwaka 1995. Mzee aliimimina taratibu ili tope lililotulia chini lisichanganyike, na Mama alipoliona lile tope aligeuka karibu aondoke. Rangi yenyewe haikuwa nyekundu tena, ilikuwa kama chai ya rangi iliyolala. Alishika pumzi, akachukua funda, akalizungusha, akatema kwenye ndoo kwa nguvu hadi ikalia.

"Zizi," alisema. "Zizi la ng'ombe asubuhi mvua ikiwa imenyesha."

Mzee Nadim alifumba macho. "Endelea."

"Kiatu cha ngozi kimelowa, kikawekwa kwa jiko kikauke. Na ile rangi ya kucha wasichana wanapaka. Mzee, hii kitu imeoza."

"Haijaoza. Endelea."

"Na tini kavu. Zile unaletewa Krismasi. Lakini ni kama mtu ameziangusha kwa zizi."

Alipotazama, Mzee alikuwa akilia huku anatabasamu. Alimwambia kwamba ndivyo ilivyokuwa. Ndivyo mvinyo wa Elias ulivyokuwa daima, na watu walimcheka kwa hilo, na yeye hakubadilisha. Mama alisukutua mdomo kwa maji ya chumvi, akamwambia kwamba watu hao walikuwa na haki ya kucheka.

Ikawa hivyo mara kwa mara, siku ambazo Mzee alijisikia na nguvu. Mama hakuzoea hata mara moja. Hili familia inalisisitiza. Kila chupa ilimchefua upya, na kila mara alisema alichokikuta: nyama iliyosahauliwa kwenye sufuria, sigara iliyozimwa ndani ya kikombe cha chai, misumari yenye kutu, mtaro wa Kibera mwezi wa Januari. Mzee alikuwa akisikiliza kama watu wanavyosikiliza habari za nyumbani. Akishasikiliza, alieleza mwaka ule ulikuwaje, nani aliolewa, mvua ilinyesha lini, barabara ipi ilifungwa na wanajeshi wakati zabibu zikiwa kwenye lori. Mama alimjua Elias kwa njia hiyo, na alisema angeweza kumtambua barabarani.

Kulikuwa na chupa moja, ya mwaka 1982. Mama aliinusa. Akaionja, akakaa nayo. Mzee akamuuliza ni nini. Mama alitema, akaweka gilasi chini.

"Mwerezi," alisema. "Mwerezi ukipigwa randa."

Alitoka nje akakaa kwenye ngazi za nyuma. Alikuwa na hasira, na aliporudi nyumbani alikuwa bado nayo. Alimwambia Celine kwamba amemnusa baba yao, waziwazi, Ouma akiwa amesimama kwenye vumbi la mbao, na kwamba alichukizwa hadi kwenye mifupa kuwa kitu kichafu kama hicho ndicho kimembeba. "Kwa nini isiwe maua?" aliuliza. "Kwa nini isiwe hata sabuni?"

Ilikuwa baada ya hapo, mwanzoni mwa mwaka 2022, ambapo mzee mmoja wa kanisa alifika katika nyumba ya Mzee Nadim kwa kazi yake ya mikono. Familia haitamtaja kwa sababu yuko hapa. Mlango wa jikoni ulikuwa wazi, kama Mama alivyotaka uwe. Alimwona Mama na gilasi mdomoni. Hakusalimia. Hakuuliza. Jumapili iliyofuata Kawangware yote ilikuwa inajua, na hapa Kianda pia, ambapo Mama alikuwa mshiriki wa kanisa tangu ujana wake na mwanachama wa kikundi cha akina mama.

Aliitwa mbele ya kamati. Akaeleza kila kitu, hata ndoo.

"Sikumeza," alisema.

"Pombe ikishaingia mdomoni imeingia," aliambiwa. "Tubu mbele ya kanisa, yaishe."

"Nitubu nini? Kutema?"

"Usijibu wazee hivyo, Filister."

Mama aliwatazama mmoja mmoja. Kisha akasema neno ambalo waliokuwepo wanalikumbuka, ingawa hakuna aliyelirudia nje. Alisema kwamba katika kamati hiyo kuna mtu ambaye hadi leo anapokea kodi ya kile chumba cha Kambi Muru ambamo Ojwang alipofushwa. "Huyo nimemwona akigawa mkate wa Bwana miaka yote," alisema, "na sijawahi kusema avue koti lake la kanisa."

Hawakuuliza ni nani. Waliamua kwamba Mama Filister avue sare ya kikundi, gauni jeupe na kitambaa cha buluu, hadi atakapotubu. Aliyetumwa kwenda kuichukua ni mwenyekiti wa akina mama, Rahab, ambaye alikuwa rafiki yake tangu siku za omena. Mama alikuwa ameshaifua na kuipiga pasi. Alimpa mlangoni, hakumkaribisha chai. Kwa Mama Filister, kutokaribisha mtu chai lilikuwa jambo zito.

Aliendelea kwenda kanisani kila Jumapili na kuketi nyuma. Watu walikuwa wakimsogelea wakati wa kusalimiana, wakivuta hewa kidogo kwa pua. Aliona. Alirudi nyumbani akasema anasikia harufu ya midomo ya watu wanaonusa wenzao.

Mzee Nadim alipoambiwa yaliyotokea alitaka kuacha. Mama alikataa pia hilo. Chupa zilizobaki zilikuwa chache, na Mzee mwenyewe alikuwa akidhoofika. Mwezi wa Machi 2023, akiwa kitandani, aliomba ifunguliwe ya mwisho, ya zao la kwanza kabisa la Elias, la mwaka 1978. Wapwa zake walikuwa wamefika kutoka Lebanon na wamesimama chumbani. Mmoja wao alionja kabla ya Mama na kumwambia mjomba wake kwamba ni ya ajabu, tamu, bado changa.

Mzee alimgeukia Mama. "Mama Celine. Iko hai?"

Mama alionja. Ilikuwa siki, na chini ya siki kulikuwa na panya aliyekufa nyuma ya kabati. Alitema kwenye beseni mbele ya wageni wote.

"Imekufa, Mzee," alisema. "Imekufa zamani sana."

Wapwa walishtuka. Mzee Nadim alicheka, kicheko chembamba, akamshika mkono. "Asante," alisema. "Hawa wangeniacha niende na uongo." Alifariki siku chache baadaye. Mama alimlilia kama ndugu, na baada ya hapo hakufanya kazi tena kwa mtu yeyote. Alihamia hapa Kianda kuwa karibu na bintiye, aliyekuwa ametangulia kuhamia huku.

Ugonjwa ulianza mwezi wa Agosti 2024. Ugali ulikuwa ukikwama, kisha uji, kisha maji. Hospitalini waligundua saratani ya umio, mrija wa chakula. Habari ilipofika mtaani, yale yaliyosemwa yalisemwa. Kwamba koo ndilo lililotenda dhambi na koo ndilo limeadhibiwa. Kuna aliyeyatamka hayo kwenye foleni ya maji mbele ya mjukuu wa Mama. Kwa hiyo familia inayajibu hapa: daktari alituambia kwamba ugonjwa huu huwapata wengi ambao hawajagusa tone la pombe maishani, na Mama alikuwa mmoja wao.

Celine alimuuliza mwenyewe, siku moja alipokuwa akimlowesha midomo kwa pamba. "Mama, kweli hakuna hata moja uliyomeza? Hata ile ya mwerezi?"

Mama hakuwa mtu wa kusema uongo hata pale uongo ungemrahisishia.

"Ile," alisema, "ilinichukua muda kuitema."

Mwezi wa Septemba mwaka huu familia iliomba sare irudishwe, kwa kuwa wanachama wa kikundi huzikwa nayo. Kamati ilituma watu wawili wodini kupokea toba kwanza. Mama wakati huo sauti yake ilikuwa imebaki kidogo, wakalazimika kuinama.

"Nilimchukia baba yangu," aliwaambia. "Nilimtukana Ojwang moyoni nikimpanguza. Hayo nimeshaongea na Mungu. Hiyo yenu sina."

Wakamwambia afikirie mazishi yake. Mama aliwaomba wasogee, kwa sababu walikuwa wanamziba dirisha. Walipoondoka alimwita Celine na kumwagiza avalishwe gauni lake la kijani, alilojishonea Kawangware. "Hilo hakuna mtu alinipa," alisema. "Na hakuna mtu atakuja kulichukua."

Mama Filister alifariki alasiri ya tarehe 3 Oktoba 2025, Celine na Derrick wakiwa kando yake.

Jana Rahab alikuja nyumbani na sare, imekunjwa vizuri ndani ya karatasi. Alisema kamati imelegeza. Celine alimkaribisha chai. Alifungua karatasi, akaitazama ile sare, akaikunja tena na kumrudishia mikononi. Rahab alikaa na kikombe chake hadi kikapoa, kisha akauliza kama angeruhusiwa kuja kesho yake kusaidia kumvalisha.

Alikuja. Gauni la kijani lina vifungo vidogo mgongoni, na Mama alikuwa amekonda sana. Rahab ndiye aliyevifunga vyote leo asubuhi, na hakuna aliyemsaidia. Kwa wale watakaopita kumuaga, hilo ndilo gauni mtakalomkuta nalo.

Marehemu ameacha bintiye Celine na mkwewe Wepukhulu, mwanawe Derrick, wajukuu Mitchelle, Jentrix na Austine, na ndugu, majirani na marafiki wa Kianda, Kambi Muru na Kawangware 46 ambao aliwapikia bila kuwauliza walikotoka.

Mungu amlaze mahali penye hewa safi, na amani iwe yake.